Risasi na Saa Moja Iliyopotea

Nyumba ile iliishi kwa mashuka ya watu wengine. Asubuhi na mapema ua ulijaa povu, mvuke na kelele za mabeseni. Kamba zilivutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mashuka yakishaanikwa, mtu aliyetaka kwenda chooni ilimbidi ainame apite chini yake kama mwizi.

Mwenye kazi hiyo aliitwa Mama Dobi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya nguvu na macho yasiyopitwa na doa. Aliweza kulitazama shuka mara moja akakwambia aliyelilalia alikunywa chai kitandani. Alifanya kazi pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. Wifi alikamua na kuanika. Mama Dobi alipiga pasi. Watoto wakishakwenda shule, uani walibaki hao wawili na mazungumzo yao.

Dereva alikuwa mume wa Mama Dobi. Saa mbili kila asubuhi alipakia mafurushi ya mashuka safi kwenye gari lao dogo la mizigo, lile lenye bodi iliyofungwa kama sanduku. Aliyapeleka kwenye nyumba tatu za wageni katika mji wa pili, kilomita thelathini kutoka pale, kisha akarudi na machafu. Watu walimwita Risasi. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Kilomita thelathini?" alizoea kuwaambia mafundi wa gereji. "Mimi nashika mia na ishirini. Hiyo ni robo saa tu, jamani. Mke wangu akinimiminia chai, narudi bado ina moshi!"

Mafundi walicheka. Mama Dobi naye alikuwa akicheka, mpaka siku alipopiga hesabu.

Siku hiyo alikuwa anapiga pasi. Akaanza kujisemea moyoni. Robo saa kwenda. Robo saa kurudi. Kushusha na kupakia tumpe nusu saa, maana si mvivu. Jumla yake saa moja. Mbona basi anaondoka saa mbili na kurudi saa nne?

Pasi ikasimama. Shuka likaanza kunuka moto.

"Wifi," alisema polepole, huku akiinyanyua pasi. "Kaka yako ana saa moja ambayo mimi siijui."

Wifi aliacha kukamua. Habari kama hiyo ilikuwa tamu kwake kuliko kifungua kinywa.

"Saa moja ya kila siku?"

"Ya kila siku."

"Sasa unanikumbusha kitu," Wifi akasema, akasogea karibu. "Mafuta. Zamani tukijaza tanki, tunaingia wiki nyingine. Siku hizi katikati ya wiki anaomba tena. Njia ni ile ile, mzigo ni ule ule. Mafuta yanakwenda wapi?"

"Na pedi za breki," Mama Dobi akasema. "Fundi amezibadilisha tena juzi. Gari linakula pedi mpya kama karanga."

"Basi gari linatembea mahali pengine," Wifi akakata hukumu. "Kaka yangu ni damu yangu, lakini sitamfunika. Tena fikiri, wifi. Anapeleka wapi mashuka? Nyumba za wageni. Vitanda viko huko huko!"

Mama Dobi alirudisha pasi kwenye shuka. Alikuwa amekumbuka sauti. Nyumba ya tatu ya wageni ilikuwa na mwanamke wa mapokezi mwenye sauti laini, ya kubembeleza. Alikuwa akipiga simu mara kwa mara kuuliza, "Baba wa mashuka ameshatoka?" Kwa nini amwite "Baba wa mashuka"? Kwa nini asiseme "dereva"?

Jioni alimtega mumewe wakati wa chakula.

"Leo njia ilikuwaje?"

"Nyeupe!" Risasi akajibu, mdomo umejaa. "Nilikanyaga mafuta, mshale ukasimama kwenye mia na ishirini. Wote nikawaacha nyuma."

"Kwa hiyo hukuchelewa popote?"

"Mimi? Nichelewe?"

Masikini, kila alivyojisifu ndivyo alivyozidi kujichongea.

Usiku ule Mama Dobi alikata shauri. Atakwenda kuona kwa macho yake. Kama yupo mwanamke, hatapiga kelele wala kumrarua mtu nguo. Atachukua watoto wake na pasi zake, atarudi kwa mama yake. Pasi ni zake, alizinunua kabla ya ndoa.

Asubuhi Risasi alipokwenda kuchukua funguo ndani, Mama Dobi alipanda nyuma ya gari. Akajipenyeza katikati ya mafurushi. Wifi akamsogezea furushi moja mbele, jingine juu.

"Ukisikia sauti ya mwanamke usitoke mbio," Wifi alimnong'oneza. "Sikiliza kwanza wanaitanaje."

"Nitasikiliza."

"Na ukipatwa na chafya?"

"Wifi, funga mlango."

Mlango ukafungwa. Gari likaondoka.

Mle ndani mlikuwa na giza, na mwanga kidogo tu ulipenya kwenye kitundu cha bodi. Mama Dobi aliweka jicho lake hapo. Mwanzo safari ilikuwa ya kobe. Tuta. Tuta jingine. Sokoni gari likasimama kwa sababu ya mikokoteni. Kwenye mzunguko wa barabara likasimama tena, Risasi akapiga honi, na wenzake wakamjibu kwa honi zao. Hakuna aliyesogea.

Walipotoka mjini mambo yakabadilika. Injini ikaanza kulia. Bodi ikatetemeka mpaka meno ya Mama Dobi yakagongana. Kwenye kitundu akaona lori la mbao linapitwa, karibu sana, tairi zake kubwa kama mlango. Dereva wa lori alipiga honi nzito iliyolia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Mama Dobi akashika furushi kwa mikono miwili na kufumba macho.

Baada ya muda mfupi gari likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Ndiyo hapa! akawaza. Akatega sikio apate kusikia mlango wa mbele ukifunguliwa.

Alichosikia ni kengele. Walikuwa kwenye geti la reli. Treni ya mizigo ilikuwa inapita taratibu, behewa baada ya behewa. Halafu nyuma ya gari lao ikalia honi nzito, honi ya ng'ombe aliyekanyagwa. Lori la mbao lilikuwa limefika. Lilisimama nyuma yao, bila haraka, bila jasho.

Ajabu, akawaza Mama Dobi. Tulipita kwa kuponea chupuchupu, na tumesimama pamoja.

Geti likafunguliwa. Injini ikaanza tena kulia. Barabara ilikuwa imenyooka, nguzo za umeme zikipita haraka kwenye kitundu. Mama Dobi alikuwa anajaribu kukaa vizuri aliposikia mumewe akipiga ukelele. Breki zikalia. Mafurushi yote yakaruka mbele, na yeye pamoja nayo. Alijigonga bega kwenye bodi. Gari lilikuwa limefungwa breki lakini bado linakwenda, linakwenda tu, linalia na kukwaruza, kama halina mwisho. Kisha likasikika pigo zito: pu!

Gari likasimama.

Mama Dobi akapiga yowe.

"Nani huko nyuma?" Risasi akauliza.

"Mkeo!"

"Mke wangu yuko nyumbani!"

"Basi njoo ufungue umwone wa nyumbani!"

Risasi alifungua mlango. Uso wake ulikuwa wa majivu. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakakimbilia mbele ya gari.

Chini ya gari kulikuwa na godoro. Nusu yake ilikuwa imemezwa na tairi, nusu nyingine imechanika na kutoa sponji. Mtaroni, pembeni ya barabara, mwanamume mmoja alikuwa anajikung'uta majani. Alikuwa amelibeba godoro lile kichwani, linamfunika uso kushoto na kulia. Alikuwa anavuka. Aliposikia breki alilitupa akaruka.

"Umeumia, ndugu yangu?" Mama Dobi akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Mikono tu imechubuka." Akalitazama godoro lake kwa muda mrefu. Halafu akamtazama Risasi. "Nilikuwa pale lilipo hilo."

Risasi akasema atamletea godoro jingine jipya, siku hiyo hiyo. Mtu yule akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Lakini niambieni. Mmebeba nini kinachooza upesi namna hiyo? Samaki?"

"Mashuka," Mama Dobi akajibu. Hakuwahi kuona aibu kulitamka neno hilo mpaka siku ile.

Walimnunulia godoro mji wa pili, wakamfikishia. Kisha walipeleka mashuka, Mama Dobi sasa amekaa mbele. Bega lilimuuma, lakini hakuwa amesahau lililomtoa nyumbani. Kwenye nyumba ya tatu ya wageni alishuka wa kwanza. Alitaka kumwona mwenye sauti laini.

Alimkuta mwanamke mnene, wa makamo, miwani juu ya paji la uso.

"Kumbe ndiye wewe mke wake?" mwanamke yule akasema kwa furaha. "Afadhali nimekuona, dada yangu. Mfunze mumeo salamu. Anatupa mafurushi mlangoni kama anafukuzwa na polisi, kabla sijahesabu ameshaondoka. Ndiyo maana napiga simu kwako, nijiandae mlangoni nimdake!"

Mama Dobi alicheka kwa adabu. Moyoni hakuridhika. Anaigiza vizuri, akajisemea. Na leo, kwa vile nipo, angefanyaje?

Nyumbani moto uliwaka.

"Ulijificha kwenye mashuka kama panya!" Risasi alifoka. "Kunichunguza mimi!"

"Nionyeshe saa yangu moja," Mama Dobi alijibu. "Robo saa kwenda, robo saa kurudi, nusu saa ya kushusha. Unarudi saa nne. Saa moja inabaki kwa nani?"

"Haibaki kwa mtu!"

"Na mafuta?"

"Sijui!"

"Na pedi za breki?"

"Hizo ndizo zilizotaka kuniua!" Risasi akapata pa kutokea. "Fundi kaniwekea pedi feki. Nilibana breki mpaka mguu ukakakamaa, gari halisimami. Yule fundi ana lake jambo."

Sasa kila mtu alikuwa na wa kumshuku. Mama Dobi alimshuku mumewe, Risasi alimshuku fundi, na Wifi, aliyesimama mlangoni na shuka begani, aliwashuku wote.

"Mwite jirani apime breki," Wifi akasema. "Tumalize moja kwanza."

Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyefundisha udereva. Mtaani walimwita Mwalimu Klachi, kwa sababu kutwa nzima alisikika akiwapigia kelele wanafunzi wake, "Klachi! Klachi kwanza!" Alikuja na kandambili zake miguuni, akazivua akavaa viatu vya kuendeshea. Alikagua tairi. Akachungulia pedi. Akaendesha gari mtaani kwa mwendo mdogo, akabana breki, gari likasimama papo hapo. Akarudi.

"Breki zenu ni nzima," alisema. "Nzima kuliko ndoa yenu, kwa kelele nilizosikia. Ulikuwa unakwenda mwendo gani ulipomwona mwenye godoro?"

"Mia na ishirini," Risasi akasema, mara hii kwa sauti ndogo.

"Na ulimwona akiwa umbali gani?"

"Nguzo mbili za umeme. Mbali, Mwalimu! Mita mia nzima."

"Si mbali. Nifuateni uwanjani. Mama Dobi, lete mashuka."

Mama Dobi akaruka. "Mashuka yangu yakalale chini kwenye vumbi?"

"Yale machafu ya leo. Si utayafua tu?"

Walikwenda kwenye uwanja wa mpira ambapo Mwalimu Klachi hufundishia. Mama Dobi alijua urefu wa kila shuka: mita mbili na nusu. Nyumba moja ya wageni ilitumia mashuka meupe, nyingine ya bluu. Mwalimu akayatenga mafungu mawili.

"Meupe ni wakati wa kuona na kuamua," akasema. "Mama Dobi, ukigusa pasi ya moto unaondoa mkono mara moja?"

"Mara moja kabisa."

"Hapana. Inapita nukta ndogo, ndiyo maana unaungua. Dereva naye ni hivyo. Jicho linaona, akili inaelewa, mguu unakwenda kwenye breki. Kama yuko macho, hiyo ni sekunde moja hivi. Kama anachezea simu au ana usingizi, ni zaidi. Na sekunde hiyo yote gari linakwenda vile vile, breki haijaguswa. Mashuka ya bluu ndiyo breki yenyewe. Tuanze na kilomita arobaini kwa saa."

Walitandika kuanzia kwenye goli. Meupe manne na nusu, bluu matatu na nusu; ya nusu waliyakunja. Yakaisha karibu.

"Mita ishirini hivi," Mwalimu akasema. "Sasa themanini. Mwendo umezidi mara mbili. Mashuka yatazidi mara ngapi?"

"Mara mbili," Risasi akajibu haraka.

"Meupe ndiyo, yatakuwa tisa. Lakini bluu hayafanyi hivyo. Mwendo ukizidi mara mbili, njia ya breki inazidi mara nne. Tandikeni kumi na manne."

Wakatandika. Walikaribia katikati ya uwanja.

"Mia na ishirini. Ongezeni meupe yawe kumi na matatu. Bluu yawe thelathini na mawili."

Wifi na Mama Dobi walikwenda wakiinama na kuinuka, wakiinama na kuinuka. Mashuka yalipita katikati ya uwanja. Yakafika kwenye goli la pili. Yakapita goli, yakaingia kwenye majani, na bado Mwalimu Klachi alikuwa anasema, "Endeleeni."

Lilipotandikwa la mwisho, Mama Dobi aliinua kichwa akamtazama mumewe. Risasi alikuwa amesimama mbali kule, kwenye goli la kwanza, mdogo kama kibanio cha nguo.

"Hizo ni zaidi ya mita mia na kumi," Mwalimu alimwambia kwa sauti kubwa ili asikie. "Barabara ikiwa kavu na tairi nzuri. Mvua ikinyesha au mzigo ukiwa mkubwa, ongeza. Wewe ulikuwa na mita mia. Hata ungekuwa na breki za dhahabu ungemgonga yule mtu. Kwenye mita mia gari lako lilikuwa bado na mwendo wa kumwua."

"Na themanini?" Risasi akauliza.

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye shuka la ishirini na tatu, pale yalipoishia yale ya themanini. Kutoka pale hadi mita mia palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kuvuka na godoro lake, akasimama akapumzika, akaendelea.

Risasi alikaa chini kwenye shuka.

Mwalimu akamgeukia Mama Dobi. "Na wewe. Kukaa nyuma ya gari la mizigo bila kiti, bila mkanda! Gari likisimama, wewe husimami. Ungeweza kutangulia mbele ya mwenye godoro."

"Nimekosa, Mwalimu." Mama Dobi alilipapasa bega lake. "Lakini bado. Breki nimeelewa. Saa yangu moja sijaiona. Nyinyi madereva mnafichana."

"Mimi nimfiche huyu?" Mwalimu akacheka. "Angekuja kwangu kufanya mtihani ningemfelisha. Haya, nenda ulete vibanio vyako."

Walirudi uani. Mwalimu alibana vibanio thelathini kwenye kamba tupu.

"Kila kibanio ni kilomita moja. Hivi vyekundu kumi na vinne ni mitaa ya mjini, ya hapa na ya kule: sokoni, matuta, mzunguko. Na geti la reli lipo katikati. Hapo Risasi anakimbia?"

Mama Dobi alikumbuka kitundu cha bodi. "Hakimbii. Hakuna anayekimbia."

"Vyekundu peke yake, pamoja na kusubiri treni, vinakula nusu saa. Sasa, hivi vya bluu kumi na sita ndiyo barabara iliyo wazi. Kwa themanini, utavimaliza kwa dakika kumi na mbili. Kwa mia na ishirini, dakika nane. Haya, huyu bwana amehatarisha roho yake apate nini?"

Wifi alikuwa wa kwanza. "Dakika nne?"

"Dakika nne. Tena mara nyingi reli inazirudisha."

"Lori la mbao!" Mama Dobi akasema. "Tulilipita, likatukuta kwenye geti."

"Umeona? Basi hesabu tena. Kwenda, karibu dakika arobaini. Kurudi hivyo hivyo. Nyumba tatu za wageni, kufungua milango, kushusha na kupakia, dakika arobaini nyingine. Anaondoka saa mbili. Anarudi saa ngapi?"

Mama Dobi alihesabu kwa vidole. "Saa nne," akasema polepole.

"Saa nne. Robo saa ya Risasi ni porojo za gereji. Ametia chumvi mwenyewe, ikamwingia machoni. Na tangu bwana huyu aanze kushika mia na ishirini, mafuta yenu yanaishia kwenye kukimbia, maana gari linapambana na upepo. Pedi nazo zinaliwa na kubana breki kwa nguvu kila mara. Mwanamke hayumo."

Risasi alikuwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa. Aibu ilimkaa pabaya. Kujisifu kwake ndiko kulikompeleka kizimbani.

"Maneno ni maneno," Mama Dobi akasema. "Kesho nakwenda naye. Mbele, na mkanda. Aende themanini, nione."

Kesho yake walikwenda. Mjini walikwenda kama watu wote. Kwenye barabara iliyo wazi mshale ulifika themanini ukatulia. Lori moja liliwapita, na kwenye geti la reli wakalikuta limesimama. Kwenye nyumba ya tatu ya wageni Risasi alishuka, akatoa salamu, akasubiri mashuka yahesabiwe. Mwenye miwani alishika mdomo kwa mshangao.

Waliporudi uani ilikuwa saa nne na dakika nane. Wifi alikuwa mlangoni, anawasubiri.

"Dakika nane tu?" akauliza. "Kwenda na kurudi?"

"Ndizo hizo," Risasi akajibu. "Ndizo nilizokuwa nikizifia."

Baada ya hapo kazi ilibadilika kidogo tu. Risasi aliondoka dakika kumi kabla ya saa mbili. Mshale haukupita themanini, na mitaani ulikuwa chini zaidi. Simu aliizima akiwa njiani. Gereji walimtania sana, wakamwuliza kama baruti imelowa. Aliwaambia wahesabu wenyewe vibanio. Mafuta yakaanza tena kuvuka wiki. Fundi wa breki, ambaye hakujua kuwa alishukiwa, alilalamika kwamba mteja wake amepotea.

Siku moja ya mvua, saa nne ilifika na Risasi hajaonekana. Saa nne na nusu ikapita. Saa tano. Mashuka yalikuwa yameanikwa ndani, chumba kizima kinanuka unyevu. Wifi alichungulia dirishani, akarudi, akachungulia tena.

"Wifi," akasema, "sisemi kitu."

"Usiseme."

"Lakini saa tano imepita."

Mama Dobi aliendelea kupiga pasi. Shaka ile ya zamani iliamka kidogo, kama mtu aliyelala akisikia jina lake. Akafikiria miwani ya mwanamke wa mapokezi. Kisha akafikiria barabara ilivyolowa, na hofu hiyo ya pili ikaimeza ile ya kwanza.

Ilikaribia saa sita gari liliposimama nje. Risasi aliingia amelowa chapachapa, matope hadi magotini. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja kikombe, akaanza kusema kabla hajaulizwa.

"Kulikuwa na basi limeharibika kwenye kona, baada ya reli. Abiria wote walikuwa wameshuka, wametapakaa barabarani kwenye mvua. Nilikuwa nakwenda hamsini, kwa ajili ya maji. Nilipowaona nikabana, likasimama. Likasimama vizuri. Kisha nikaona nyuma yangu magari yanakuja, nayo hayaoni kona. Nikarudi nyuma kwa miguu na shuka jeupe, nikawa nalipunga wapunguze mwendo, mpaka fundi wa basi alipofika. Shuka limeharibika. Naapa nilikuwa pale tu, waulize..."

"Walikuwepo watoto?" Mama Dobi akauliza.

"Mmoja mgongoni kwa mama yake. Huyo mama alikuwa katikati ya njia, anahangaika kufungua mwavuli."

Mvua ilipiga mabati. Wifi alitoka dirishani.

Mama Dobi aliiweka pasi pembeni. Akachukua shuka kavu, lililokwisha kunyooshwa, la wateja, akamfunika nalo mumewe mabegani.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Nawa mikono, basi. Wifi, lete sahani."